SOMO: Kupima mwanya wa mtutu na silinda kwenye bastola mpya

Wakuu, kuna jamaa yangu hapa Ngamiani kapata kibali, kachukua bastola yake ya silinda, akaniletea akitaka nimwambie kama ni nzima. Nikamwambia tuanze na mwanya.

Silinda inazunguka, kwa hiyo lazima iachane kidogo na kitako cha mtutu. Mwanya ukibana sana, masizi na joto vinaifanya silinda ikwame. Ukizidi, gesi ya baruti inatorokea pembeni, risasi inapungua kasi, na aliyeweka kidole karibu ataungua.

Kwanza toa risasi zote, zipeleke chumba kingine, kisha pitisha kidole kwenye kila tundu la silinda. Mpe na mwenzako akague.

Futa mafuta ya kiwandani kwa kitambaa kikavu, la sivyo utapima mafuta. Ukimaliza, rudisha mafuta kidogo. Kwa upepo wa bahari wa Tanga, chuma kikavu hakichelewi kutu.

Kipimo ni fila geji, yaani fungu la vibapa vyembamba vya chuma, kila kimoja na unene wake, ileile ya mafundi pikipiki wanaopimia mwanya wa vali (tapeti). Nunua yako. Ya gereji imejaa grisi na imepinda.

Sasa hapa ndipo wengi tunapokosea, mimi nikiwa wa kwanza. Ya kwangu niliipima mara moja tu, nikapata milimita 0.15, nikafurahi. Siku ya shabaha, kabla boksi la risasi halijaisha, silinda ikaanza kukaza. Kumbe ilikuwa inacheza mbele na nyuma: ukiisukuma nyuma 0.15, ukiivuta mbele 0.05. Nilikuwa nimesoma nusu ya habari.

Kwa hiyo funga silinda, nyundo ya bastola ikiwa imelala. Ishikilie silinda nyuma kwa kidole gumba, anza na kibapa chembamba ukipanda. Kile kinachopita kwa kujikwaruza kidogo ndicho kipimo; usilazimishe. Isogeze mbele, pima tena. Andika zote mbili. Rudia kwa kila tundu, maana uso wa silinda unaweza kuwa umeenda upande.

Mimi napenda kati ya 0.10 na 0.20. Ikifika 0.25 naitazama kwa jicho la pili, ikipita 0.30 nairudisha. Tofauti ya nyuma na mbele ikizidi 0.08, hiyo inacheza mno.

MASWALI

*Kaka, yangu nyuma 0.23, mbele 0.20. Niirudishe?*
Hapana, haichezi. Kaipige kwanza. Ikitema vipande vya risasi pembeni, mara nyingi kosa ni tundu kutolingana na mtutu.

*Sina fila geji, karatasi inafaa?*
Karatasi ya printa ni kama 0.10, lakini inaminyika. Itakupa fununu tu.

*Mwanya ni mdogo, nipige msasa kidogo?*
Weka msasa chini, mdogo wangu! Chuma kikishaondoka hakirudi, na matengenezo ya silaha ni kazi ya fundi mwenye leseni. Irudishe ulikonunua.

*Babu alisema kuna ya Kirusi isiyo na mwanya. Kweli?*
Kweli, Nagant ya 1895. Ukivuta nyundo, silinda inasogea mbele na kuziba. Nyundo ikiwa imelala utaukuta mwanya kama kawaida, kwa hiyo vipimo vyangu usimpelekee babu.