Somo: Mgonjwa anayeshindwa kupumua, dakika kumi za mwanzo

Ndugu washiriki, wenzetu wa zahanati na vituo vya afya vya Newala, Liwale na Kilwa wameomba tujifunze pamoja namna ya kumpokea mtu mzima aliyeshindwa kupumua. Ninalotaka mlishike kuliko yote ni kwamba upungufu wa oksijeni hutibiwa kwanza, hata kama ugonjwa wenyewe bado haujajulikana.

Hatua ya kwanza ni kumtazama. Mwenye fahamu mkalishe wima, kisha hesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Zikizidi 30, au akishindwa kumaliza sentensi moja bila kutweta, hali ni ya hatari. Kwa ngozi zetu, rangi ya kukosa oksijeni itafute kwenye ulimi na ndani ya midomo.

Hatua ya pili ni njia ya hewa. Asiye na fahamu mwinue kidevu na umnyonye matapishi kwa mashine. Aliyeanguka kutoka mnazini usimkunje shingo, bali sukuma taya lake mbele.

Hatua ya tatu ni oksijeni, na hapa ndipo tunapokosea zaidi. Mirija ya puani hupewa lita 1 hadi 5 kwa dakika, barakoa ya kawaida lita 6 hadi 10, na barakoa yenye mfuko lita 10 hadi 15. Mfuko ujazwe kabla ya kumvisha mgonjwa, kwa kuziba vali yake kwa kidole mpaka utune. Katika kituo fulani nilikowahi kufanya kazi tulimpokea mzee aliyetoka kupuliza mikorosho, vumbi la njano la salfa likiwa bado kwenye nyusi zake. Nilimvisha barakoa yenye mfuko, nikaiunganisha na mashine ya kuzalisha oksijeni ambayo mwisho wake ni lita 5. Oksimita, kifaa cha kidoleni kinachopima oksijeni ya damu, iliganda kwenye asilimia 82. Niliikodolea macho namba ile, ilhali mfuko ulikuwa umenywea kifuani pake kama puto lililotoboka, hadi muuguzi mwenzangu alipouvuta mtungi wa oksijeni na kufungua lita 15. Tangu siku hiyo huutazama mfuko kwanza.

Kwenye oksimita lenga asilimia 94 au zaidi, isipokuwa kwa mwenye ugonjwa sugu wa mapafu unaoziba njia za hewa, ambaye 88 hadi 92 humtosha.

Hatua ya nne, pumzi zikififia, ni ambubagi, yaani mfuko unaominywa kwa mkono kumpulizia mgonjwa hewa: minyo mmoja kila sekunde 6, kiasi cha kuinua kifua tu, kwa sababu ukiharakisha hewa huingia tumboni na mgonjwa hutapika. Mkiwa wawili, mmoja ashike barakoa kwa mikono yote miwili na mwingine aminye.

Baada ya hapo ndipo utafute chanzo, na uwasiliane mapema na hospitali ya Ligula (Mtwara), ya Sokoine (Lindi) au hospitali ya rufaa ya kanda.

MASWALI YA WASHIRIKI

Mshiriki, Newala: Shikamoo mwalimu. Mgonjwa akiwa na piko vidoleni, kipimo kinaaminika?

Jibu: Marahaba. Piko na rangi ya kucha huweza kuvuruga usomaji, hivyo tumia kidole kisichopakwa au ndewe ya sikio. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha pia kuwa oksimita huficha upungufu wa oksijeni mara nyingi zaidi kwa watu weusi. Kwa hiyo anayetweta sana mtibu, hata namba ikipendeza.

Mshiriki, Liwale: Nitajuaje kama mtungi utafika Lindi?

Jibu: Zidisha ujazo wa mtungi kwa bar (kipimo cha mgandamizo) zinazosomeka kwenye geji, kisha gawanya kwa lita unazotoa kwa dakika. Mtungi wa lita 10 wenye bar 100 una lita 1,000, na kwa lita 10 kwa dakika utakwisha kwa dakika 100. Kwa safari yenu hautoshi, chukueni mingine.

Mshiriki, Mtwara Mjini: Mgonjwa wa pumu alikuwa akihangaika, ghafla akatulia na mlio wa kifua ukapotea. Je, dawa imefanya kazi?

Jibu: Mwite kwa jina. Asipokujibu vizuri, hiyo si nafuu, amechoka na hewa haipiti tena. Endelea na salbutamoli, dawa ya kupanua njia za hewa, miligramu 5 kwa nebulaiza (kifaa kinachogeuza dawa kuwa mvuke wa kuvuta) inayoendeshwa na oksijeni, mpe haidrokotisoni ya kupunguza uvimbe wa njia za hewa kama hajapata, weka ambubagi mkononi, na mwenzako awe anapiga simu ya rufaa wakati huohuo.