Mfumo umekataa faili lako? Andaa nyaraka zipite mara ya kwanza

Fomu umeijaza, viambatisho umeviweka, umebonyeza kitufe cha kutuma, halafu yanatokea maandishi mekundu: "Faili halijakubalika." Ukiuchukulia ujumbe huo kana kwamba kuna mtu kaukataa waraka wako, utahangaika bure. Hakuna aliyeusoma. Mfumo wa kupokea maombi ni bawabu wa getini: kwa kawaida anakagua aina ya faili, ukubwa wake na jina lake, na yaliyoandikwa ndani hayamhusu. Afisa yuko ndani, na yeye anataka mambo mengine kabisa: kurasa zinazosomeka, muhuri unaoonekana, jina lilelile kila mahali. Wengi hukwama katikati ya hao wawili. Wanalibana faili mpaka bawabu aridhike, halafu afisa anafungua na kukuta ukungu mtupu.

Usichapishe kisichohitaji karatasi

Barua imeandikwa kwenye kompyuta, inachapishwa, inaskaniwa, inarudi kwenye kompyuta ikiwa picha. Mzunguko huu ndio chanzo cha nusu ya usumbufu. Barua iliyohifadhiwa moja kwa moja kuwa PDF huwa nyepesi, na maneno yake yanatafutika na kunakilika. Ileile ikipitishwa kwenye skana inatoka nzito maradufu, imepinda kidogo, na ina mstari wa vumbi la kioo. Programu za kuandikia karibu zote zinahifadhi kama PDF. Ikishindikana, Windows 10 na 11 zina printa isiyo na karatasi, Microsoft Print to PDF: ichague kana kwamba unachapisha, nayo itakuuliza pa kuhifadhi faili.

Kama sahihi ya wino inatakiwa, chapisha ukurasa wa sahihi peke yake, uskani huo tu, kisha uuunganishe na kurasa nyingine. Kwenye Mac, Preview inatosha: fungua mafaili yote mawili, onyesha vijipicha vya kurasa pembeni, buruta ukurasa mmoja uuweke unapotaka. Windows haina kiunganishi chake yenyewe, kwa hiyo waulize watu wa TEHAMA programu gani wameiweka. Zile tovuti za bure za kubana na kuunganisha PDF ziepuke kwa chochote chenye kitambulisho, namba ya akaunti au taarifa za afya. Unapopakia huko, umemkabidhi nakala mtu usiyemjua.

Hesabu ya skana

Skana huhesabu nukta kwa kila inchi, na mipangilio yake huandika dpi. Karatasi ya A4 ina milimita 210 kwa 297. Kwa dpi 300 inakuwa nukta 2,480 kwa 3,508, yaani takriban milioni 8.7. Kila nukta ya rangi huchukua baiti tatu, kwa hiyo ukurasa mmoja una karibu megabaiti 26 kabla ya kubanwa. Kwa kijivu ni baiti moja kwa nukta, yaani megabaiti 8.7. Kwa nyeusi na nyeupe tupu, nukta nane zinaingia kwenye baiti moja, nayo ni kama megabaiti 1.1. Kubanwa kunapunguza sana namba zote hizi, lakini mpangilio wa nani mzito na nani mwepesi kwa kawaida unabaki uleule.

Sasa tazama kinachotokea ukipunguza dpi. Kutoka 300 kwenda 150 si nusu, ni robo, kwa sababu nukta zinapungua kwa urefu na kwa upana. Vivyo hivyo, aliyepandisha hadi 600 "ili iwe safi" amezidisha mara nne, na macho ya afisa hayataona tofauti yoyote.

Mipangilio inayofaa kazi nyingi za ofisini ni hii:

- Kurasa za maandishi matupu: kijivu, dpi 150 hadi 200.
- Ukurasa wenye muhuri, sahihi ya wino au picha: rangi, dpi 200.
- Maandishi madogo sana, kama yale ya nyuma ya vyeti: dpi 300, ukurasa huo tu.

Hali ya nyeusi na nyeupe tupu inavutia kwa wepesi wake, lakini ina mtego. Skana inaamua kila nukta iwe nyeusi au nyeupe, hakuna katikati. Muhuri wa bluu uliopauka unatoweka kabisa, na muhuri mzito uliogongwa juu ya sahihi unaganda kuwa doa jeusi. Ombi linarudishwa na maelezo kwamba halina muhuri, wakati karatasi yenyewe unayo mkononi na muhuri unauona. Kabla ya kutuma, fungua faili, likuze hadi asilimia 100, usome herufi ndogo kuliko zote na utazame muhuri. Kama wewe unakodoa macho, na mwenzako atakodoa.

Kuhusu kikomo chenyewe: mfumo ukisema megabaiti 2, lenga 1.8. Kuna mifumo inayohesabu megabaiti kuwa baiti 1,000,000 na mingine 1,048,576, na kompyuta yako haikwambii mwenzake anatumia ipi. Kwa barua pepe acha nafasi kubwa zaidi, kwa sababu kiambatisho hugeuzwa kuwa herufi kikiwa njiani na kuongezeka kwa takriban theluthi moja. Penye kikomo cha megabaiti 25, viambatisho vya jumla ya megabaiti 18 ndio usalama.

Simu badala ya skana

Inafaa, mradi usipige picha ya kawaida. Tumia sehemu ya kuskani nyaraka, ambayo hunyoosha kingo, huondoa kivuli na kutoa PDF: kwenye iPhone imo ndani ya programu ya Notes, kwenye Android imo ndani ya Google Drive. Weka karatasi juu ya meza yenye rangi nzito ili kingo zionekane, karibu na dirisha, na wewe usisimame kati ya mwanga na karatasi. Ukipiga picha ya kawaida kwa iPhone, huenda ikahifadhiwa kwa aina ya HEIC, ambayo mifumo mingi ya ofisi haiitambui. Ingia kwenye mipangilio ya kamera, sehemu ya fomati, uchague ile inayokubalika zaidi. Picha zitakazofuata zitakuwa JPG.

Aina na jina

Kubadilisha mwisho wa jina kutoka .heic kuwa .pdf hakubadilishi faili. Ni sawa na kubandika lebo ya asali kwenye chupa ya mafuta. Fungua PDF yoyote kwa Notepad na utaona linaanza na %PDF. Mifumo makini husoma mwanzo huo, si jina. Kinyume chake hutokea pia: Windows kwa kawaida huficha mwisho wa jina, ukaona "cheti.pdf" kumbe faili ni cheti.pdf.jpg. Washa uonyeshaji wa viendelezi vya majina ya mafaili, mambo yatajieleza.

Katika jina tumia herufi za kawaida, tarakimu, kistari na mstari wa chini tu. Nafasi, mabano, alama ya &, na hasa kile kitone cha juu cha ng' huwachanganya mabawabu wengi. Namba ya kumbukumbu yenye mkwaju, kama AB/12/7, haiwezi kabisa kuwa jina la faili kwenye Windows, andika AB-12-7. Tarehe ianze na mwaka, 2025-03-04: mafaili yatajipanga yenyewe, na hakuna atakayebishana kama ni Machi au Aprili.

PDF lenye nywila, kama taarifa nyingi za benki, litakataliwa au, vibaya zaidi, litapokelewa na afisa ashindwe kulifungua. Lifungue kwa nywila yake, kisha lichapishe kuwa PDF jipya. Usifanye hivyo kwa hati iliyosainiwa kidijitali: kuchapisha upya huiondoa sahihi hiyo na kubakiza picha yake tu, na hati haithibitiki tena. Hiyo itume kama ilivyo.

Kwenye fomu yenyewe

Maelezo marefu yaandike kwanza nje ya mfumo, kisha ubandike. Mifumo mingi hukutoa baada ya dakika kadhaa za ukimya, na kuandika hakuhesabiki: mara nyingi seva inakusikia pale tu unapobonyeza "hifadhi" au "endelea". Umeandika nusu saa, yenyewe inajua umelala.

Namba uliyonakili ikikataliwa ilhali ni sahihi, weka kiashiria mwishoni mwake na ubonyeze kitufe cha kufuta mara moja. Mara nyingi kuna nafasi isiyoonekana iliyokuja na nakala. Kitufe cha kutuma kikizubaa, usikibonyeze tena, wala usirudi nyuma kwa mshale wa kivinjari. Fungua orodha ya maombi yako kwenye dirisha jingine uone kama limeingia. Maombi mawili ya mtu mmoja huchelewesha kuliko ombi moja lenye kosa, maana kuna mtu lazima aamue lipi lifutwe. Likishaingia, hifadhi ukurasa wa uthibitisho kuwa PDF palepale, pamoja na namba ya ombi.

Ikigoma bado

Jaribu dirisha la faragha la kivinjari. Likikubali, tatizo ni kumbukumbu za zamani au nyongeza za kivinjari chako. Likikataa, jaribu kivinjari kingine, kisha waandikie watu wa msaada wa kiufundi. "Mfumo unasumbua" itakupa jibu la "jaribu tena baadaye", na ni haki yao, kwa kuwa hawana pa kuanzia. Muda uandike kama ulivyo kwenye kona ya skrini, 10:12. Usiugeuze kuwa saa nne na dakika kumi na mbili, kwa sababu anayepekua kumbukumbu za seva anatafuta tarakimu hizo. Ujumbe unaofanya kazi uko hivi:

"Habari za kazi. Tarehe 2025-03-04, saa 10:12, kwenye hatua ya viambatisho ya fomu ya uhamisho, faili barua_uhamisho.pdf (MB 1.3, kurasa 4) limekataliwa kwa ujumbe 'Aina ya faili hairuhusiwi'. Nimejaribu Chrome na Firefox, pia dirisha la faragha. Matokeo ni yaleyale. Faili linafunguka vizuri kwenye kompyuta yangu. Picha ya skrini nzima nimeiambatisha. Mwisho wa kutuma ni tarehe 2025-03-06, hivyo naomba pia uthibitisho wa maandishi kwamba nimetoa taarifa leo."