Jinsi ya Kuifikisha Hoja ya Mtaa Wako Kwenye Bajeti ya Halmashauri Jijini Mwanza

Wakazi wengi huanza kuzungumzia bajeti mwezi Julai, ushuru mpya unapodaiwa sokoni, ilhali wakati huo hesabu zimekwisha kupitishwa. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwasaidia wakazi kuandaa hoja zao, na utaratibu ninaoueleza hapa ndio ninaoufuata.

Hatua ya kwanza ni kujua halmashauri inayohusika. Tangu mwaka 2012 Mwanza ina mbili, yaani Halmashauri ya Jiji, iliyo Nyamagana, na Manispaa ya Ilemela. Mchuuzi wa dagaa anayeishi Igogo na kuuza Mwaloni, Kirumba, analala katika halmashauri moja na kulipa ushuru katika nyingine, hivyo hoja yake ya mtaro wa nyumbani na ile ya ushuru wa soko haziendi kwenye ofisi moja.

Pili, chunguza ni nani aliyepanga kiwango unachokilalamikia. Kodi ya majengo, ambayo tangu mwaka 2021 hukatwa kupitia LUKU (umeme wa kulipia kabla), hupangwa kwa sheria ya Bunge, na hakuna diwani anayeweza kuipunguza. Ushuru wa soko na ada ya taka, kwa upande mwingine, hutokana na sheria ndogo za halmashauri yenyewe, na hapo sauti yako ina uzito.

Tatu, zingatia kalenda. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, lakini Bunge hujadili bajeti kuanzia Aprili, na kabla ya hapo madiwani huwa wamekwisha kupitisha mapendekezo yao. Mimi huwashauri watu wawe wamesema yao kabla ya Desemba kwisha.

Hatua ya nne ndiyo inayohitaji kazi zaidi: kuandaa hoja na kuiwasilisha katika mkutano mkuu wa mtaa. Sentensi kama “tunaomba mitaro itazamwe” haimsaidii mchumi wa halmashauri, kwa sababu haina kipimo wala mahali. Chukueni daftari, mpite mlimani baada ya mvua ya vuli, mpime kwa hatua urefu wa sehemu iliyoziba, mhesabu nyumba ambazo maji yanayoteremka kutoka kwenye mawe huingia ndani, kisha muandike mtaro unapoanzia na unapoishia. Karatasi moja inatosha. Mkutano ukikubali, hakikisheni hoja imeandikwa kwenye muhtasari kabla hamjatawanyika. Katika mtaa mmoja niliowahi kuusaidia, hoja ilipigiwa makofi, mwenyekiti akaahidi kuifuatilia, lakini muhtasari ulipofika kata haikuwamo, nasi tukapoteza mwaka mzima. Tangu siku hiyo huomba nisomewe muhtasari, hata kama jua linazama na watu wananikunjia uso.

Kutoka hapo hoja hupanda hadi Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani na katibu wake ni mtendaji wa kata. Mpelekeeni diwani nakala yake mapema, maana ndiye atakayeitetea katika Baraza la Madiwani.

Iwapo halmashauri inakusudia kutunga au kubadili sheria ndogo ya ushuru, hutakiwa kuwatangazia wananchi na kupokea maoni yao kwanza. Andika barua kwa Mkurugenzi ndani ya muda uliotajwa kwenye tangazo, taja kifungu unachokipinga na kiwango unachokipendekeza, uipeleke masjala, yaani ofisi inayopokea barua, pamoja na nakala ya pili, na usiondoke mpaka nakala hiyo ipigwe mhuri wa kupokelewa. Barua isiyo na mhuri ni vigumu kuthibitisha kwamba ilifika.

Vikao vya Baraza la Madiwani viko wazi kwa wananchi. Utakaa na kusikiliza bila kuchangia, lakini utajua kama kata yako imetajwa. Bajeti ikishapitishwa, angalia kama mradi wenu umepewa kasma, yaani fungu lake kwenye bajeti, na kiasi. Ukikuta haumo, usidhani utajiingiza wenyewe mwaka unaofuata: vuli ikirudi, pimeni upya, muiwasilishe tena hoja ileile, na juu ya karatasi muandike tarehe ya mkutano ulioipitisha mara ya kwanza.