Wape Swali, Njia Waitafute Wenyewe: Uchunguzi Elekezi Katika Somo la Sayansi

Katika uchunguzi elekezi, mwalimu hutoa swali na wanafunzi hubuni namna ya kulijibu. Ukishaandika hatua zote za jaribio ubaoni, umewanyang'anya sehemu yenye ubunifu. Nitatumia mfano wa pendulamu, yaani kijiwe kinachobembea kwenye uzi, maana inahitaji uzi, vijiwe, rula na saa tu.

Hatua ya 1. Ning'iniza kijiwe, kiachie kibembee, nyamaza. Kisha uliza: "Ni nini kinachofanya kibembee haraka au polepole?"

Hatua ya 2. Kila kundi liandike mawazo yasiyopungua matano kabla ya kuchagua: uzito, urefu wa uzi, umbali wa kukivuta, hata unene wa uzi. Usiseme lipi ni sahihi, na usiogope ukimya. Mtafiti Mmarekani Mary Budd Rowe aliona kuwa walimu husubiri jibu kwa takriban sekunde 1 tu. Wakisubiri 3 au zaidi, majibu hurefuka na wanafunzi wengi zaidi huchangia. Mimi huhesabu kimoyomoyo hadi tano.

Hatua ya 3. Kila kundi lichague wazo moja na kubuni jaribio lake. Tenga muda mwingi hapa kuliko kwingine kote. Zunguka ukiwa na maswali, si majibu: "Mkibadilisha uzito na urefu kwa pamoja, mtajuaje kipi kimeleta tofauti?" "Mbembeo mmoja huisha upesi mno, mtaupimaje?" Wapo watakaohesabu mibembeo 10 kisha wagawanye, na wapo watakaorekodi kwa simu. Acha njia zote.

Kuna mtego ninaoupenda sana. Wanaochunguza uzito mara nyingi hufunga kijiwe cha pili chini ya cha kwanza, kisha hutangaza kwamba uzito unapunguza kasi. Usiwasahihishe. Waulize tu: "Urefu wa pendulamu mnaupima kutoka wapi hadi wapi?" Wenyewe watagundua kwamba wamerefusha pendulamu, na watatafuta namna nyingine ya kufunga vijiwe.

Hatua ya 4. Walinganishe matokeo. Kijiwe kikivutwa kidogo tu, pendulamu ya sentimita 100 huenda na kurudi kwa sekunde 2 hivi, ya sentimita 25 kwa sekunde 1. Uzito haubadilishi kitu, na waliobashiri vingine waeleze walichokiona.

Hatua ya 5. Wape kazi mpya: watengeneze pendulamu ya kupimia dakika moja bila saa. Unapotoa alama, angalia wingi wa mawazo yao, yanavyotofautiana, na sababu za kuiacha njia moja wakashika nyingine.