Kupanga ada ya chuo kwa hela ya korosho

Kwa mkulima wa Newala, Tandahimba, Masasi au Nachingwea, kinachotesa kwenye ada ya chuo mara nyingi ni mwezi kuliko hela yenyewe. Minada ya korosho huanza Oktoba, na vyuo hufunguliwa Oktoba hadi Novemba. Mtoto anadaiwa, mzigo bado uko ghalani. Hapo ndipo mtu wa kangomba, yaani mlanguzi anayenunua korosho nje ya mnada, anapobisha hodi na bei yake ya kutupa. Nina steshenari Masasi, na huu ndio utaratibu ninaowapa wazazi wanaokuja kujaza fomu.

Hatua ya 1: Ada ya mwaka huu itoke kwenye korosho za mwaka jana

Ukiisubiri ya msimu mpya umeshachelewa. Waliokuwa na watoto chuoni msimu wa 2018/2019 wanakumbuka: serikali ilitangaza kununua kwa Sh 3,300 kwa kilo, ukafuata uhakiki wa wakulima, na wengi wakakaa wakisubiri malipo huku vyuo vikiendelea.

Anza mtoto akiingia kidato cha kwanza. Shule za serikali hazitozi ada, msingi hadi kidato cha nne tangu 2016, kidato cha tano na sita tangu 2022. Najua michango na sare zipo, lakini hiyo miaka ndiyo ya kuweka.

Malipo huja mnada kwa mnada. Chagua mmoja uuite wa ada. Mimi nasema wa pili. Wa kwanza utaliwa na madeni ya salfa (dawa ya mikorosho) na vibarua, na wa mwisho korosho zimeshanyeshewa, daraja limeshuka.

Hatua ya 2: Jua kiasi

Ingia tovuti ya chuo, tazama ada ya kozi mbili tatu, zidisha kwa miaka. Mtoto akitaka uhasibu, Taasisi ya Uhasibu (TIA) ina kampasi Mtwara mjini, na kwa mwenye ndugu pale gharama ya kulala inapungua sana.

Hatua ya 3: Iondoe kwenye akaunti ya korosho

Siku hela ikiingia, ihamishe siku hiyohiyo. Ikibaki pale itageuka pikipiki au sherehe ya unyago wa binti wa jirani. Mimi ni mtu wa vipande vya UTT AMIS, kampuni ya serikali ya mifuko ya uwekezaji wa pamoja, sifichi. Kwa safari ya miaka minne au zaidi napendelea Mfuko wa Umoja, ulioanza 2005. Ikibaki miaka miwili au chini, Mfuko wa Ukwasi, kwa sababu bei ya kipande cha Umoja inaweza kushuka mwaka ambao wewe unaihitaji hela. Ukiuza vipande, hela haiji saa hiyohiyo, kwa hiyo uza wiki kadhaa kabla.

Mwenye uwezo wa kuanzia Sh 1,000,000 aulizie benki hatifungani za serikali, yaani unaikopesha serikali kwa muda maalumu; riba hulipwa mara mbili kwa mwaka. Kibubu sikipendi.

Hatua ya 4: Vyeti

Soma hapa taratibu. Hata ukiweka akiba, mtoto aombe mkopo wa Bodi ya Mikopo (HESLB), na maombi mengi hukwama kwenye makaratasi kabla hayajafika kwenye hoja ya umaskini.

Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Kama hana, nenda ofisi ya mkuu wa wilaya akiwa bado sekondari. Anayesajiliwa ukubwani hudaiwa ushahidi: kadi ya kliniki, cheti cha shule ya msingi, barua ya mtendaji.

Halafu majina. Shuleni ni Mohamedi, kwenye cheti cha kuzaliwa ni Muhammad. Jina la tatu mara la babu, mara la ukoo. Linganisha herufi kwa herufi kabla ya usajili wa mtihani wa kidato cha nne, maana jina la cheti hicho litamfuata popote. Matokeo yakishatoka, rahisi zaidi ni kurekebisha cheti cha kuzaliwa kifuate cha shule. Tofauti ndogo huweza kumalizwa kwa kiapo mbele ya hakimu au wakili, lakini ulizia kwanza kama kiapo kinatosha, usije ukalipia karatasi isiyopokelewa.

Kama baba ni marehemu, kibali cha mazishi si cheti cha kifo. Mama mmoja wa Nanyamba alikuja na kibali tu. Mumewe alifia kijijini, akazikwa, hakuna aliyesajili. Ikabidi barua ya mtendaji, mashahidi, kisha wilayani. Kabla hawajachapa tukagundua jina la marehemu linatofautiana na jina la baba kwenye cheti cha mtoto. Bila kulinganisha pale, angepata cheti halali kisichomsaidia. Dirisha la maombi lilikuwa linakaribia kufungwa.

Kaya iliyomo TASAF, mpango wa serikali wa kusaidia kaya maskini, ichukue namba yake mapema. Na vyote viskaniwe. Picha ya simu yenye kivuli cha kidole siipokei dukani kwangu.

Hatua ya 5: Ombi lenyewe

Namba ya mtihani wa kidato cha nne iwe ileile kwenye ombi la chuo na la mkopo. Simu na barua pepe ziwe za mwanafunzi mwenyewe, si za mjomba wala za mwenye steshenari. Chapa fomu, isainiwe na serikali ya kijiji au mtaa na kamishna wa viapo, ipandishe mtandaoni. Mwambie mapema kwamba akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara kulipa mkopo huo.

Hatua ya 6: Hela ya kuanzia

Bumu (hela ya kujikimu ya mkopo) la kwanza halimsubiri mtu getini. Tenga hela ya ufuta, inayokuja kati ya Mei na Julai, kwa nauli, chumba na chakula cha wiki za mwanzo. Godoro anunue hukohuko aendako.