Kisima kikianza munyu, pumzisha pampu

Nyinyi wenye visima Lamu mjini, maji yakianza munyu msikimbilie kuchimba chini zaidi. Maji matamu ya kisiwa hiki ni mvua iliyozama mchangani, hasa kwenye vilima vya Shela, nayo yamekaa juu ya maji ya bahari. Ukivuta kwa pampu mfululizo, chumvi inapanda. Vuta kidogo kidogo, pumzisha, kisha onja tena. Na ndoo isilazwe chini uani, hapo hapo punda wanapopita. Itundike msumarini, kamba na yote. Choo cha shimo kikiwa karibu, chemsha ya kunywa hata yakiwa maangavu kama kioo. Kuchemsha huua vijidudu tu. Munyu hakuondoi, basi usimalize makaa bure.