Somo: Kochi la vipande lenye rangi kali, kuanzia kwa fundi hadi siku ya kufua

Kochi langu lina vipande vitano na rangi ya embe dodo lililoiva. Huu ni mwaka wa nne ninaishi nalo hapa Temeke, kwenye sebule ya mita tatu na nusu kwa nne, pamoja na watoto wawili, wageni wa kila Jumapili na vumbi la barabara isiyo na lami. Mmeniuliza sana kama ninalijutia. Kava za kwanza nilizijutia mpaka nikalia. Za pili sizijutii hata kidogo. Nitaeleza tofauti, kwa sababu makosa yangu yale yale nayaona kila nikipita kwa mafundi wa Keko.

Kwa asiyelijua: kochi la vipande halina umbo moja. Kila kipande ni kiti kinachojitegemea. Ukivipanga mstari unapata kochi refu, ukivikunja unapata L, ukivikabilisha uso kwa uso mgeni amepata kitanda. Mtindo huu ulipamba moto Ulaya mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1970 Mwitaliano Mario Bellini alibuni Camaleonda, viti vya mraba vilivyovimba kama maandazi, vinavyoshikana kwa waya, ndoano na pete. Mwaka uliofuata Hans Hopfer akabuni Mah Jong kwa ajili ya Roche Bobois ya Ufaransa, matandiko ya chini yanayopangwa yoyote juu ya yoyote. Mwaka 1973 ikaja Togo ya Michel Ducaroy, ambayo haina fremu ya mbao, ni sponji ndani kwa ndani. Camaleonda ilirudishwa kiwandani mwaka 2020, na picha zake ndizo wateja wengi wanazomwonesha fundi kwenye simu.

Jina Camaleonda limeunganisha maneno mawili ya Kiitaliano, kinyonga na wimbi. Naomba mlishike hilo la kinyonga. Kochi hili limeundwa lihamishwe. Anayelinunua kisha akaliacha kona moja miaka mitano, amenunua kochi la kawaida lenye mianya ya kumezea rimoti.

Hatua ya 1: Pima kwa maboksi

Usipime kwa futi kamba peke yake. Kata maboksi, ungaunga mpaka upate miraba ya sentimita 90 kwa 90, idadi ya vipande unavyotaka. Viweke sakafuni na uishi navyo siku tatu. Fungua mlango, pita na ndoo ya maji, vuta meza. Kati ya kochi na meza acha sentimita 40 hivi, na njia ya kupita isipungue 75. Mimi nilitaka vipande saba. Maboksi yakanionesha kuwa ni vitano. Pima pia mlango na ngazi, ingawa hapo ndipo kochi hili linapotuokoa: hupita palipokataa kochi la watu watatu.

Hatua ya 2: Rangi ilale kwako kwanza

Sampuli ya kiganja ni mwongo. Rangi ikitandazwa mita tano huonekana kali kuliko ilivyokuwa mkononi. Nunua mita moja tu, itandike juu ya kochi ulilonalo, kaa nayo wiki nzima. Iangalie asubuhi, iangalie saa kumi jua likiingia, na zaidi ya yote iangalie usiku chini ya taa yako. Nyumba zetu nyingi zina taa nyeupe kali, zile zilizoandikwa 6500K. Chini yake rangi ya chungwa hupauka na nyekundu hugeuka kama damu iliyokauka. Badilisha balbu uweke ya mwanga wa manjano, 2700K au 3000K, kabla hujailaumu rangi. Balbu ni rahisi kuliko kochi.

Kuhusu sehemu iliyobaki ya chumba: rangi kali iwe moja. Kuta zangu ni nyeupe ya maziwa, sakafuni mkeka wa ukindu, mapazia ya kitani. Halafu ile rangi ya embe nimeirudia mahali pawili tu, kwenye kanga niliyoiwekea fremu ukutani na kwenye chungu cha maua. Watu hukimbilia kununua mito ya rangi sita ili "kulipoza" kochi. Halipozwi hivyo, linapiganishwa.

Hatua ya 3: Kitambaa

Hapa ndipo nilipoumia, kwa hiyo nivumilieni.

Kava zangu za kwanza zilikuwa za velveti. Zilipendeza ajabu, mpaka siku nilipohamisha kipande cha kona na kukigeuza robo mzunguko. Kikaonekana cha rangi nyingine kabisa, kama kimeazimwa kwa jirani. Velveti ina manyoya yaliyolala upande mmoja. Ukiyatazama yanakoelekea rangi ni nyepesi, ukiyatazama kinyume rangi ni nzito. Kwenye kochi la kawaida fundi hulaza manyoya yote upande mmoja na mambo yamekwisha. Kwenye vipande vya mraba vinavyogeuzwa, haiwezekani. Ukitaka kuhamisha vipande kwa uhuru, chagua kitambaa kilichofumwa bapa, kisicho na manyoya: pamba nzito, kitani kilichochanganywa, turubai laini. Joto la pwani nalo litakushukuru.

La pili lilikuwa baya zaidi. Siku ya Idi baba mkwe alikaa kwenye kochi jipya, akanywa chai, tukaongea kama nusu saa. Mchana ulikuwa wa joto, umeme ulikuwa umekatika, feni zimesimama. Aliponyanyuka kwenda kuswali adhuhuri, nyuma ya kanzu yake nyeupe palikuwa na duara la njano. Hakusema neno. Mume wangu akampa kanzu yake, mimi nikaingia chumbani nikalia.

Kwa hiyo sasa siingii dukani bila leso nyeupe. Ilowanishe, ikamue, isugue kwenye kitambaa mara ishirini kwa nguvu. Ikitoka na rangi, rudisha jora mahali pake na uage vizuri. Sugua pia kwa leso kavu. Rangi zinazohama zaidi ni zile zile tunazozipenda: nyekundu, buluu iliyokolea, kijani kibichi.

Ukipata kinachofaa, nunua chote kutoka jora moja. Majora mawili yenye namba moja ya rangi yanaweza kuwa yametiwa rangi siku tofauti, na tofauti hiyo utaiona vipande vikikaa bega kwa bega. Ongeza mita tatu au nne za akiba. Kikiwa cha pamba, kiloweke na kukianika kabla ya kushona, kisije kikarudi baada ya kufuliwa na zipu ikagoma.

Kitambaa cha makochi kwa kawaida kina upana wa mita 1.4 hivi. Kikalio cha sentimita 90 pamoja na pande mbili zinazoshuka kinamaliza karibu upana wote, kwa hiyo huenda mshono ukatokea mahali. Mwambie fundi uangukie ukingoni, si katikati ya kikalio.

Hatua ya 4: Sponji ipimwe kwenye mizani

Kila fundi atakuambia sponji yake ni ngumu. Ugumu na ubora ni vitu viwili. Kinachoifanya idumu ni uzito wake kwa ujazo. Kikalio cha sentimita 90 kwa 90 chenye unene wa 20 kina mita za ujazo 0.162. Sponji nzuri ya kukalia, ya kilo 32 kwa mita ya ujazo, itakupa kipande cha kilo 5 na kidogo. Ukiona mizani inasema kilo 3, hiyo itabonyea na kubaki imebonyea. Mizani ya mwenye duka la nafaka jirani inatosha. Fundi wangu alishangaa mara ya kwanza. Leo anawapimia wateja wake mwenyewe.

Fremu iwe ya mbao zilizokauka na kutiwa dawa ya wadudu, pembe ziwe na gundi na skrubu pamoja na kigingi cha pembetatu kwa ndani. Misumari pekee hulegea, maana kochi hili hubebwa sana.

Hatua ya 5: Miguu na vishikio

Picha za Italia huonesha kochi likigusa sakafu. Kwetu weka miguu ya angalau sentimita 8, ufagio upite na hewa ipite. Kushikanisha vipande, mikanda ya begi yenye vifungo vya kubana inatosha. Ifungwe chini, isionekane. Kwenye sakafu ya taizi vipande vitateleza bila hiyo.

Hatua ya 6: Hamisha, zungusha, fua vyote pamoja

Kila miezi mitatu kipande cha karibu na dirisha kihamie mbali, kingine kichukue zamu yake. Jua linapausha, hilo halizuiliki. Unachoweza ni kulifanya lipaushe vyote sawa. Vikalio navyo vigeuzwe juu chini.

Kufua kuna sheria moja ambayo nyumbani kwangu haivunjwi: kava moja ikichafuka na kuhitaji kufuliwa, zinafuliwa zote. Ukifua moja moja, baada ya mwaka una vipande vitano vya njano tano. Zigeuze nje ndani, maji baridi, sabuni isiyo na dawa ya kung'arisha, anika kivulini.

Mwaka jana tulipofiwa na shangazi ya mume wangu, sebule ilitakiwa iwe tupu, majamvi yatandikwe. Zamani kutoa makochi ni kazi ya wanaume wanne na malumbano mlangoni. Safari hii vijana wawili walifungua mikanda, wakavibeba vipande kimoja kimoja hadi kibarazani, vitatu vikapangwa mstari kwa ajili ya wazee waliokaa nje. Kabla maji ya chai hayajachemka, kina mama walikuwa wameshaketi.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Mama yangu ana magoti, na makochi haya yote naona ni ya chini. Nimwache na kiti chake cha zamani? (Tanga)*

Marahaba mwanangu. Huna haja ya kumtenga. Mtengenezee kipande kimoja chenye kikalio cha sentimita 45 kutoka sakafuni, sponji imara zaidi, na mkono wa kushikia upande mmoja. Miguu iwe mirefu kuliko ya wenzake, kava iwe ile ile. Kiweke mwisho wa mstari, tofauti haitaonekana. Msalimie sana mama.

*Dada, mimi niko Mombasa karibu na bahari, kuta zangu zinatoa unyevu. Kochi la kwanza lilinuka ukungu. Nifanyeje safari hii?*

Pole dada. Kwanza kochi lisiguse ukuta, acha nafasi ya sentimita 10. Msimu wa mvua ukiisha, fungua zipu zote, toa sponji, zisimamishe penye upepo na kivuli siku nzima. Usiziweke juani muda mrefu; sponji hugeuka njano na kuwa kama mkate mkavu. Na usirudishe kava kabla haijakauka kabisa hata kwenye mishono. Harufu nyingi huanzia hapo.

*Sisi tupo Maskati. Nimependa nyekundu, lakini sebule ina dirisha kubwa la kioo upande wa magharibi. Kioo si kinazuia jua?*

Kinazuia sehemu tu. Kioo cha kawaida hukata sehemu kubwa ya mionzi inayobabua ngozi, lakini hupitisha mingine mingi pamoja na mwanga wenyewe, na hiyo inatosha kupausha kitambaa. Nyekundu kwa dirisha la magharibi la Maskati nisingeiweka bila pazia zito. Uliza kitambaa cha akriliki kilichotiwa rangi tangu uzi haujasokotwa, kile cha viti vya nje. Ndicho kinachovumilia jua. Usipokipata, chukua rangi ya udongo au kutu. Hata ikipauka kidogo, bado inapendeza.

*Mtoto amemwaga mafuta ya nazi kwenye kikalio. Nimesugua kwa maji ya moto, doa limekuwa kubwa. Bado nina tumaini? (Mwanza)*

Lipo, ila acha kusugua sasa hivi. Nyunyiza poda ya mtoto au unga laini wa mahindi uzibe doa lote, acha usiku mzima unyonye mafuta, kisha kung'uta. Rudia mara mbili. Baadaye tone la sabuni ya kuoshea vyombo na maji ya uvuguvugu, bonyeza kwa kitambaa cheupe kutoka pembeni kuingia katikati. Jaribu kwanza upande wa chini usioonekana. Doa likitoka, fua kava zote, kama nilivyosema.

*Mwalimu, mshahara hauruhusu vipande vitano kwa mkupuo. Naweza kuanza na viwili?*

Unaweza, na kwa kweli hiyo ndiyo raha ya kochi hili. Ningekushauri uanze na vitatu: viwili vyenye mgongo na kimoja kisicho nao, maana hicho ndicho meza, stuli na kitanda cha mtoto. Fremu na sponji za vipande vingine zitasubiri mfuko wako. Kitambaa hakisubiri, kinunue chote siku ya kwanza. Kinachobaki kikunje, kifunge ndani ya shuka jeusi, kiweke mbali na dirisha. Na vipande vipya vikifika, usiviweke vyote upande mmoja. Vichanganye na vya zamani, kimoja hapa kimoja pale.